Ukoo wetu wa Newala kwa vizazi vitano: mababu hawakuwa na familia kubwa kama tunavyoambiwa

Mjukuu wa Kitangari (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Huku kwetu Newala haupiti msiba wala harusi bila mzee mmoja kusema, "Zamani watu walikuwa wanazaa bwana, nyie watoto wawili tu mnalia." Waliokaa jamvini wote wanaitikia. Mimi kwa muda mrefu nimekuwa nikiandika majina ya ukoo wetu, nani kazaliwa na nani, nani alikua, nani alifia utotoni, na kadiri daftari linavyojaa ndivyo maneno hayo yanavyozidi kunigomea. Naweka hapa nilichokikuta. Wenye koo zao Masasi, Tandahimba, Nachingwea, Kilwa na Liwale, naomba nanyi mseme kwenu kukoje.

Nahesabu upande wa mama, kwa kuwa sisi Wamakonde ukoo unafuata tumbo la mama. Mimi nina watoto wawili. Dada yangu ana watatu, kitindamimba wetu ana mmoja na amesema basi. Mama alizaa tisa, tukakua saba. Bibi mzaa mama, aliyezaliwa miaka ya 1920, alizaa sita, wakakua watatu. Mama yake bibi alizaliwa karibu na vita vya Majimaji. Huyo alizaa watano, wakakua wawili, yaani bibi yangu na kaka yake. Juu ya hapo tunawajua watoto wawili tu. Kama walikuwepo wengine, hakuna aliyebaki wa kuwataja.

Sasa wapange waliofika utu uzima kuanzia juu kushuka: wawili, wawili, watatu, saba, halafu wawili. Familia kubwa kwetu imetokea mara moja tu, kizazi cha mama. Kabla yake nyumba zilikuwa ndogo, baada yake zimerudi kuwa ndogo. Wazee wanaotusimanga harusini ndio hao waliolelewa kwenye nyumba za watoto saba na nane, wakaona ndiyo desturi ya tangu na tangu.

Upande wa baba ni Wamakua wa Masasi, na huko nilipata msaada wa daftari za ubatizo, maana Waanglikana wapo Masasi tangu 1876 na mapadri wao walikuwa watu wa kuandika. Ukifuata jina moja moja unaumia. Mtoto anabatizwa, jina lake limeandikwa vizuri na la mama yake pembeni, halafu humwoni tena, si kwenye kipaimara, si kwenye ndoa. Nyumba moja ya ukoo wetu ina watoto saba kwenye ubatizo na wawili kwenye ndoa. Anayesoma ukurasa wa kwanza atasema familia kubwa. Anayesoma kurasa zote mbili atasema neno jingine.

Kuhusu mama yake bibi, tazameni alikulia wakati gani. Majimaji inaanza Umatumbi 1905 na kuishia 1907, na njaa ikafuata. Mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, Wareno wanavuka Ruvuma na kuingia Newala, Wajerumani wanawatimua mwaka huo huo. Oktoba 1917 vita vya Mahiwa, pale karibu na Nyangao, na mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck linavuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Majeshi yote hayo yalikula kutoka kwenye maghala ya watu wetu na kubebesha mizigo wanaume wetu. Kabla watu hawajapumua, homa ya mafua ya 1918 ikapita. Mwanamke aliyekulia katikati ya hayo, akazaa na akabakiza wawili, kwangu huyo ni shujaa. Naandika habari zake kwa heshima hiyo.

Na kizazi cha mama kilipata nini ambacho wa nyuma hawakukipata? Hospitali za misheni za Ndanda, Nyangao na Lulindi zilikuwa zimeota mizizi, na baada ya vita vya pili vya dunia dawa ya penisilini ikafika. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950. Kabla yake mama wa kule juu alishuka bondeni na mtungi na kupanda nao, ana mimba au hana. Halafu korosho. Hili naliona ni kubwa kuliko tunavyolisema. Kabla ya korosho kushika, kijana wa Kimakonde aliyetaka hela ya kodi na ya mahari aliondoka kwenda kukata mkonge, akakaa huko miaka. Korosho ilimpa hela akiwa nyumbani kwake. Mume aliyeko nyumbani mwaka mzima na mume anayekuja mara moja kwa miaka mitatu hawawezi kuwa na idadi sawa ya watoto.

Ushauri mmoja kwa wanaotaka kuanza: usimuulize bibi "ulizaa wangapi?" Atakutajia walio hai, tena wengine huona kuhesabu watoto ni kuwaitia mabaya. Muulize kwa utaratibu. Mimba ya kwanza ulikuwa unakaa wapi? Aliyefuatia alikuwa wa kike au wa kiume? Huyu alizaliwa kabla ya kuhamishiwa vijijini au baada? Alichezwa jando pamoja na akina nani? Ukienda hivyo, waliokufa nao wanatajwa.

Nangurukuru

Mkuu umeandika vizuri lakini mimi sikubaliani. Babu yangu mzaa baba, Kilwa, alikuwa na watoto 17. Kumi na saba! Huyo naye alikuwa na familia ndogo?

Mama Mbumba

Wa wake wangapi, mwanangu?

Nangurukuru

Aliowaoa kwa nyakati tofauti ni watano, mama.

Mama Mbumba

Basi gawanya. Ni watatu na kitu kwa kila mwanamke. Mimi ni Myao wa Masasi, na kwetu hatuanzi kuhesabu kwa mwanamume hata siku moja. Mwanamume anaweza kuwa na watoto vijiji vitano na kila mtoto ni wa ukoo mwingine, kwa mama yake na mjomba wake. Babu yako alikuwa na watoto 17, sawa, lakini nani alikaa chungu kimoja na watoto 17? Hakuna. Kulikuwa na wanawake watano, kila mmoja na watatu au wanne wake. Mnaposimulia "babu alikuwa na 17" mnasimulia mwanamume mmoja. Wale wanaume wanne ambao hawakupata mke kwa sababu babu yako alioa watano, au walipata wakiwa wamechelewa, nao wawekeni kwenye hesabu.

Nangurukuru

Hapo nimekuelewa mama yangu. Shikamoo. Nitawauliza shangazi watoto wa kila bibi mmoja mmoja niwaletee hapa.

Mkunga wa Lukuledi

Nimestaafu kazi ya ukunga, nimezalisha akina mama wa Masasi na Nachingwea tangu miaka ya 1970. Mwanzisha uzi umegusa mahali pangu.

Watu wanasema uzazi wa mpango umeletwa na Wazungu. Bibi zetu walikuwa na mpango mkali kuliko sindano. Mtoto alinyonya miaka miwili mpaka mitatu, na muda wote huo mama na baba hawakukutana, kwa kuogopa kumbemenda mtoto. Mtoto akidhoofu, akichelewa kutembea, akiharisha, wanakijiji walimtazama baba kwanza. Hiyo ilikuwa aibu kubwa. Mara nyingi mama alikuwa anaishi kwao, mume ndiye aliyemfuata ukweni, kwa hiyo bibi mzaa mama yupo pale pale analinda. Mume akikosa subira, ndipo mke wa pili anapoingia.

Fanyeni hesabu ndogo. Mwanamke anaanza kuzaa ana miaka 18, anaacha akiwa na 43. Ni miaka 25. Kama mtoto mmoja na mwingine wanapishana miaka minne, hapo hana zaidi ya saba, na hiyo ni kama hakuna mimba iliyoharibika, mume hajasafiri, hajaachika na kukaa bila mume, na mwili una afya. Ni wangapi walipata bahati hiyo mfululizo kwa miaka 25? Sita wa bibi yako mwanzisha uzi ni mwanamke aliyezaa vizuri kwa zama zake.

Nilipoanza kazi mambo yalikuwa yanabadilika mbele ya macho yangu. Wazazi walishaanza kusema kubemenda ni mambo ya wazee. Uji unaanza mapema, mtoto anaachishwa mapema, na mama anakuja kliniki na mimba wakati aliyembeba mgongoni hajatimiza mwaka na nusu. Hao ndio waliozaa tisa, kumi, kumi na moja. Waliacha ulinzi wa bibi zao kabla ya kuupokea wa zahanati. Wengi wao niliwahurumia sana, miili ilichoka wakiwa na miaka 35.

Jambo la pili ni wagumba. Nilipokuwa msichana, kila kijiji kilikuwa na bibi wazee wasio na mtoto hata mmoja, au wenye mmoja wa kwanza na basi. Kisonono bila dawa hufunga mirija ya uzazi, na kabla ya penisilini watu waliishi nacho. Wanaume waliokwenda kwenye mashamba ya mkonge walirudi na hela na maradhi. Mwanamke ndiye aliyelaumiwa, akaachwa, akaolewa tena, akaachwa tena. Wale bibi hawana wajukuu wa kuwaandika kwenye daftari leo. Naomba mnaofuatilia koo msiwaruke. Kila mkikaa na mzee, ulizeni: dada zake bibi ambao hawakuzaa walikuwa akina nani?

Na kuhusu watoto waliokufa. Surua ilikuwa inapita kijijini kama moto wa msimu wa kiangazi. Ukisikia imeingia jirani unajua wiki ijayo iko kwako. Chanjo kwa mpango wa nchi nzima zilianza mwaka 1975. Mimi nilizichoma kwa mikono yangu na nikaona wodi ya surua ikipungua watoto. Kwa takwimu za nchi, utafiti wa 1999 ulikuta watoto 147 katika kila 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 umekuta 43. Mama anayeona wanawe wote wanakua hana haja ya kuzaa wa akiba. Hilo nimelisikia kwa vinywa vya akina mama wenyewe, sikufundishwa darasani.

Mjukuu wa Kitangari

Bibi Mkunga, asante sana, na shikamoo. Umenisogeza kwenye jambo nililokuwa nataka kuliweka nikakosa pa kuanzia: hao wasio na wajukuu.

Kila tunayemfuatilia kwenye ukoo ni mtu aliyezaa. Haiwezekani nikawa na babu ambaye hakuzaa. Na waliozaa sana wana wajukuu wengi zaidi wa kuwasimulia. Kwa hiyo simulizi zikikusanywa, zinainama upande wa familia kubwa hata kama familia kubwa zilikuwa chache.

Nitoe mfano wa kubuni. Chukua wanawake kumi wa kijiji kimoja, zama za mama yake bibi. Watatu hawana mtoto. Wanne wamekuza wawili wawili. Wawili wamekuza wanne wanne. Mmoja amekuza wanane. Jumla ya watoto ni 24, wanawake kumi, kwa hiyo wastani ni 2.4 kwa mwanamke. Sasa usiwaulize wanawake, waulize watoto 24: "Kwenu mlikuwa wangapi?" Wanane watajibu wanane. Wanane wengine watajibu wanne. Wanane wa mwisho watajibu wawili. Wastani wa majibu unatoka karibu 4.7. Kijiji ni kile kile, familia zimekuwa kubwa karibu mara mbili kwa sababu ya tuliyemuuliza. Na sisi wote tunaosimulia za mababu ni watoto tunaoulizwa, hakuna aliye miongoni mwa wale wanawake.

Kipimo kingine ni sensa. Kama kila mama wa zamani alikuza wanane, watu wangeongezeka mara nne kila kizazi. Sensa ya 1967 ilikuta watu kama milioni 12 Tanzania Bara. Kwa kizazi cha miaka 25, ukirudi nyuma mpaka 1948 ungetegemea kama milioni nne tu. Lakini sensa ya 1948 ilihesabu zaidi ya milioni saba. Maana yake ni kwamba kwa wastani mama mmoja alifikisha ukubwani watoto wanne hivi, na hapo tayari tuko kwenye zama za neema. Nyuma zaidi, zama za njaa na vita, walikuwa pungufu ya hao.

Huu si utani wala ubishi wa jamvini kwangu. Nina binamu aliyeachwa na mume kwa kuambiwa "wanawake wa zamani walizaa kumi, wewe wawili umefunga." Kauli isiyo ya kweli inavunja nyumba ya mtu.

Mngindo wa Liwale

Kwetu Liwale mkiongelea familia ndogo za zamani mnaongelea jambo linalouma. Majimaji Ungindo haikuwa vita ya mwaka mmoja. Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, na njaa iliyofuata, fugufugu, iliua watu waliookoka na risasi. Kwenye ukoo wetu kuna tumbo lilianza na dada wanne na likabaki na mmoja. Mabibi wote tunaowataja leo wanatoka kwa huyo mmoja.

Halafu miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza ikawahamisha watu wetu kutoka maeneo ambayo sasa ni hifadhi ya wanyama, sababu ikitajwa kuwa ni malale. Watu walitoka walipozikwa wazazi wao, wakapangwa kwenye vijiji vipya. Nimewasikia wazee wakisema baada ya kuhamishwa hawakuzaa kwa miaka kadhaa. Njaa, ugeni, huzuni. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini babu yangu alikuwa na ndugu wawili tu, siwezi kumjibu kwa desturi peke yake. Watu walipunguzwa.

Ila kuna jambo sijaona limetajwa. Wale wawili waliobaki hawakukua wawili. Nyumba ya babu yangu ilikuwa na watoto wa marehemu, watoto wa jamaa walioletwa na njaa, na kijana mmoja ambaye ukoo wake haukujulikana kabisa, akapewa wa kwetu. Usiku kwenye ukumbi walikula watu kumi na mbili. Mtoto wa nyumba hiyo akizeeka, atakuambia "tulikuwa kumi na mbili", na hatakuwa amesema uongo.

Bint Mikindani

Mngindo wa Liwale umenitoa machozi, pole sana kwa koo zenu.

Mimi naongelea upande wetu wa sasa. Nina miaka 34, naishi Mtwara mjini, watoto wawili. Watu wa Dar wakisikia natoka Kusini wanadhani tuna watoto wengi. Utafiti wa afya wa 2015-16 ulikuta Kanda ya Kusini, yaani Lindi na Mtwara, mwanamke ana wastani wa watoto 3.8, wakati taifa lilikuwa 5.2 na Kanda ya Magharibi 6.7. Sisi ndio tulikuwa wa chini kabisa kati ya kanda zote, na waliokuwa wakitumia njia za kisasa za uzazi wa mpango huku walikuwa karibu nusu ya wanawake walioolewa, wakati kitaifa walikuwa 32 kwa 100. Sensa ya 2012 nayo ilikuta kaya ya Mtwara ina watu wasiofika wanne kwa wastani.

Kwa nini sisi? Naamini ni kwa sababu hizo hizo mlizozitaja. Mwanamke wa Kusini hajawahi kuwa mtu wa kuzaa tu kwa ajili ya ukoo wa mume. Ukoo ni wake. Shamba la mikorosho anaweza kuwa nalo. Akikaa vibaya na mume anarudi kwao na wanawe na hakuna anayemnyang'anya. Kwa hiyo akiambiwa na mkunga kwamba kuna kijiti cha miaka mitatu au mitano, anaamua. Mama yangu aliamua peke yake baada ya mtoto wa tano, na baba alikuja kujua baadaye.

Tusiseme yote ni uamuzi mzuri lakini. Ndoa zetu huku zinavunjika mno. Msimu wa korosho ukiisha na hela ikaisha, talaka zinafuata. Nina marafiki wana mtoto mmoja mmoja si kwa kupenda, bali kwa sababu kila ndoa ilidumu kwa mtoto mmoja. Na watoto hao wanalelewa na bibi huko Nanyamba na Nanguruwe wakati mama anahangaika mjini. Familia ndogo ya kwenye takwimu na mtoto asiyemwona mama yake ni kitu kimoja katika nyumba nyingi.

Korosho Ghafi

Na ada je? Ni kweli shule za serikali ada imefutwa tangu 2016, lakini sare, chakula, hosteli, nauli. Baba yangu alisomesha mmoja kati yetu wanane, wengine tukabaki kwenye ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na salfa ya kuupulizia. Mimi nimesema wanangu watatu wote watasoma au nisizae. Sina la zaidi.

Mama Mbumba

Niwaulize jambo linalonikosesha usingizi, na naomba mlichukulie kwa uzito wake.

Ukoo wetu unakwenda kwa mwanamke, na unaangaliwa na kaka yake. Dada na kaka, ndiyo mbumba. Mjomba ndiye anayesimamia mwali akitoka unyagoni, ndiye anayeitwa ndoa ikiharibika, ndiye anayesimama msibani. Sasa mnazaa wawili. Katika nyumba nne zenye watoto wawili, kwa kawaida moja ina wavulana watupu: hapo tumbo limekwisha, hakuna wa kuliendeleza. Moja ina wasichana watupu: watoto wao watakosa mjomba. Ni nyumba mbili tu kati ya nne zenye dada na kaka. Nyumba ya watoto saba karibu kila mara ilikuwa na wote.

Binti yangu ana wasichana wawili na ameshafunga kizazi. Sikumlaumu, alipasuliwa mara mbili. Lakini nikiwatazama wale wajukuu najiuliza siku ya ndoa zao atasimama nani.

Bint Mikindani

Shikamoo mama. Baba yao si yupo? Huku mjini sasa hivi baba ndiye anayesimama, mjomba anaalikwa kama wageni wengine.

Mama Mbumba

Marahaba mwanangu. Yupo leo. Wewe mwenyewe umetuambia hapo juu talaka zilivyo.

Mzee wa Chikundi

Nimesoma uzi huu wote tangu asubuhi na nimefurahi kuona vijana mnauliza mambo ya maana. Mama Mbumba, shida yako naijua, maana nyumba yetu imeshaipitia.

Kijana wa Kitangari ameonyesha kwamba zamani walikua wawili, watatu. Basi na wao walikuwa wanapata nyumba za wasichana watupu, tena mara nyingi. Mama yangu hakuwa na kaka aliyefika ukubwani, wote walizikwa wadogo. Mimi na dada zangu hatukukosa mjomba. Mama mkubwa wa mama yangu alikuwa na mtoto wa kiume, na huyo kwetu hakuwa binamu wa mama, alikuwa kaka yake. Alikuja na shoka lake akatufyekea shamba la kwanza baada ya baba kuondoka. Nilipoenda jandoni yeye ndiye aliyesimama. Alipofariki nilirithi jina lake, na leo wajukuu wa dada zangu wananiita kwa jina hilo.

Kwa hiyo usitafute ndani ya nyumba ya binti yako. Panda hatua moja, kwa wewe mwenyewe na dada zako. Watoto wa kiume wa mabinti wa dada zako wote ni kaka za hao wajukuu. Kama hapo hapana, panda kwa mama yako na dada zake. Utampata. Lakini inabidi mtoto huyo aambiwe mapema, akiwa mdogo, na aje likizo akae na dada zake hao wale pamoja, si kuitwa siku ya ndoa anashangaa ni nani hawa. Wazee walifanya hivyo kwa makusudi. Watoto walizungushwa kwa mama wakubwa na mama wadogo mpaka wakasahau nani alitoka tumbo gani.

Mama Mbumba

Dada yangu wa Nachingwea ana mjukuu wa kiume wa binti yake, yuko darasa la tano. Nitaongea na dada.

Mzee wa Chikundi

Ndiye huyo huyo. Mlete likizo ya Desemba, wakati maembe yapo.

Mjukuu wa Kitangari

Mzee wangu, shikamoo. Daftari langu nimelipanga kwa nyumba, kila mama na watoto wake peke yao. Kwa maelezo yako nalipanga upya: dada wote wa tumbo moja kwenye ukurasa mmoja, watoto wao mstari mmoja chini yao, wavulana nikiwapigia alama ili kila msichana aonekane kaka zake ni akina nani. Wagumba aliowataja Bibi Mkunga nao wanaingia humo na majina yao kamili, maana wengi wao ndio waliolea. Nangurukuru, tunasubiri majibu ya shangazi.

Nangurukuru

Nimeshampigia mmoja. Bibi wa kwanza watatu, wa pili watano, wa tatu mmoja. Wawili waliobaki anasema nimuulize shangazi wa Kivinje, yeye ndiye anayewajua.